Krotoni, akalifa au duranta ya njano: kipi kitakupa rangi bila kukupa kazi?

Nyumba ikishakamilika, ukuta umesimama na geti limepakwa rangi, kiwanja mara nyingi hubaki mchanga mtupu na vipande vya tofali. Hapo wengi wetu tunatafuta kitu kimoja: mmea wa kudumu, wenye rangi, usiodai maji kila jioni wala fundi wa bustani kila wiki. Maua ya msimu hupendeza miezi miwili mitatu, kisha yanakauka na unaanza upya. Ndiyo maana vitalu vya kandokando ya barabara, kuanzia Barabara ya Bagamoyo jijini Dar es Salaam hadi Ngong Road kule Nairobi, vimejaa vichaka ambavyo rangi yake imo kwenye majani yenyewe. Vinavyonunuliwa sana ni vitatu: krotoni, akalifa na duranta ya njano. Vyote hubaki na majani mwaka mzima, vyote huishi miaka mingi, na muuzaji atakuambia vyote "havina shida".

Kwenye hilo la "havina shida" ndipo nataka tukae. Vichaka hivi vinatofautiana sana kwa kazi vinayompa mwenye nyumba, na tofauti hiyo huioni mche ukiwa bado kwenye kiriba, urefu wa goti, majani yanameta kwa sababu yamemwagiwa maji asubuhi. Utaiona mwaka wa pili na wa tatu. Kwa hiyo rangi nitaigusa, lakini uzito nauweka kwenye mkasi, maji, baridi na usalama wa watoto.

Vilikotoka

Krotoni ya bustani, ambayo kitaalamu huitwa Codiaeum variegatum, asili yake ni Malaysia na Indonesia hadi Papua New Guinea na kaskazini mwa Australia. Akalifa, Acalypha wilkesiana, imetoka visiwa vya Pasifiki, upande wa Fiji na Vanuatu. Hivi viwili ni ndugu. Vimo katika familia moja na muhogo, mnyaa na mbarika. Duranta, Duranta erecta, ni mgeni kutoka upande mwingine wa dunia: Mexico, Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibi. Yenyewe ni ya familia moja na lantana, ile inayoota ovyo mashambani na kuwachosha wafugaji.

Asili hiyo inaeleza mengi. Krotoni na akalifa ni mimea ya joto na unyevu, imezoea mahali ambapo usiku hauna baridi kali. Duranta imetoka eneo pana zaidi, kwa hiyo inavumilia mengi zaidi, pamoja na mengine ambayo hungependa iyavumilie.

Mkasi ndio unaoamua

Nianze na duranta ya njano, maana ndiyo inayopendwa zaidi na ndiyo inayowachosha watu zaidi. Ile njano ya kung'aa unayoiona kwenye fensi za ofisi na hoteli ni rangi ya majani machanga. Jani likikomaa, na hasa likifunikwa na mengine, hurudi kijani. Fensi ikikaa njano ujue kuna mtu anaikata mara kwa mara ili ichipue upya. Msimu wa mvua mkasi unapita kila baada ya wiki mbili au tatu. Kiangazi, mara moja kwa mwezi hivi. Ukiiacha, haibaki kichaka kidogo cha kupendeza. Inapanda hadi mita tatu na zaidi, matawi yanainama barabarani na katikati kunakuwa na vijiti vikavu. Matawi ya ndani yana tabia ya kuwa na miiba pia, hasa mmea ukizeeka, kwa hiyo anayekuja kuirekebisha baada ya mwaka mmoja wa kuachwa anatoka na mikwaruzo.

Simaanishi kwamba duranta ni mbaya. Ukitaka fensi iliyonyooka kama ukuta uliopigwa plasta, yenye kona kali na usawa wa kiunoni, hakuna kati ya hivi vitatu kinachoikaribia. Majani yake ni madogo, matawi ni mengi na membamba, na kila unapokata huchipua mawili. Lakini hiyo ni fensi ya mtu mwenye kijana wa bustani, au anayependa mwenyewe kushika mkasi Jumamosi asubuhi. Kumuuzia mtu asiye na muda na kumwambia haina shida ni kumdanganya.

Krotoni iko upande wa pili kabisa. Inakua polepole na ina umbo lake yenyewe: shina moja au machache yaliyosimama, majani mazito ya ngozi yakipangana hadi juu. Huihitaji kuikata ili iwe na rangi. Tena ni kinyume, maana aina nyingi hutoa majani machanga ya kijani au njano, na jani likizidi kukaa juani ndipo wekundu, chungwa na zambarau vinapoingia. Jani la chini kabisa, lililokomaa, mara nyingi ndilo lenye rangi nzito kuliko yote. Ukiijia na mkasi mkubwa wa fensi utaiharibu, kwa sababu kila jani pana litakatwa katikati na kingo zake zitageuka kahawia. Krotoni hukatwa tawi mojamoja, juu kidogo ya kifundo cha jani, mara moja kwa mwaka au hata mara moja kwa miaka miwili, pale inapokuwa ndefu kuliko unavyotaka au imekuwa na miguu mitupu chini.

Akalifa iko katikati. Inakimbia. Mche wa urefu wa goti uliopandwa mwanzo wa masika, kwenye udongo mzuri wa pwani, unaweza kukufikia kifuani kabla ya masika mengine. Majani yake ni mapana, laini, rangi ya shaba, nyekundu au kijani chenye kingo za waridi au malai, na kichaka kizima hutanuka hadi mita mbili kwa upana. Kasoro yake ni kwamba ikiachwa hurefuka na kubaki uchi chini, na matawi yake ni mepesi kuvunjika. Dawa ni kuikata sana mara mbili kwa mwaka, hata nusu ya urefu wake. Hapa hata panga linatosha, hauhitaji ufundi. Ndani ya wiki chache inarudi imejaa kuliko mwanzo. Mara mbili kwa mwaka kwa panga si mzigo, na kwa mtu anayetaka kuziba ukuta mbaya wa jirani haraka, sijui kichaka cha majani ya rangi kinachoishinda.

Jua na maji

Vyote vitatu vinataka jua ili rangi itoke. Krotoni iliyowekwa chini ya mwembe haitakufa, ila itageuka kijani taratibu hadi uisahau. Akalifa kivulini hurefuka na kupauka. Duranta kivulini hupoteza njano yote. Kwa hiyo kabla ya kununua, simama pale unapotaka kupanda, saa nne asubuhi na tena saa tisa alasiri, uone jua linapita wapi. Saa tano au sita za jua zinatosha.

Kwa maji, utaratibu wa miezi mitatu ya kwanza ni uleule kwa vyote: kila siku ya pili kwenye wiki za mwanzo, kisha mara mbili kwa wiki mizizi ikishika. Tofauti inakuja baadaye. Krotoni na duranta zilizokwisha kushika ardhini zinaweza kupita kiangazi cha Dar es Salaam, kati ya Juni na Septemba, kwa kumwagiwa mara moja kwa wiki au hata chini ya hapo kama umezitandazia nyasi kavu. Akalifa husema mapema inapoona kiu: saa nane mchana majani yote yananing'inia kama nguo zilizoanikwa. Ukiimwagia jioni, asubuhi imesimama. Ikirudiwa hivyo mara nyingi huangusha majani ya chini, na ule uchi nilioutaja unaongezeka.

Dodoma ni habari nyingine. Mvua ya kule ni msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, halafu ni ukame na upepo hadi Novemba. Hapo akalifa bila maji ya uhakika ni kujitesa. Duranta huvumilia, krotoni pia, ila krotoni ilindwe upepo mkavu kwa kuipanda upande wa ukuta usiopigwa na upepo.

Kuhusu udongo wa pwani: mchanga wetu haushiki maji wala mbolea. Shimo la sentimita 40 kila upande, debe moja la samadi iliyoiva likichanganywa na udongo wa juu, hubadilisha maisha ya mche. Kule kwenye udongo mzito mweusi unaotuama maji wakati wa mvua, panda juu ya tuta, maana mizizi ya krotoni huoza ikilala majini. Na kama nyumba yako inatazama bahari, usiweke yoyote kati ya hivi mstari wa mbele. Upepo wa chumvi huchoma kingo za majani. Weka nyuma ya ukuta au nyuma ya mimea iliyozoea ufukwe.

Baridi

Hapa ramani inabadilisha jibu, na ndipo ushauri wa mtu wa Tanga unapompotosha mtu wa Njombe.

Krotoni inapenda joto. Usiku ukishuka chini ya nyuzi 15 inadumaa, na ukikaribia nyuzi 10 huanza kuangusha majani. Pwani yote, kuanzia Lamu hadi Mtwara, na kandokando ya Ziwa Victoria haina tatizo hilo. Nairobi, iliyo karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, krotoni inaishi lakini Julai inasinyaa, na rangi yake haifikii ile ya Mombasa. Wengi huiweka kwenye chungu barazani, na huko inafaa. Akalifa huvumilia zaidi kidogo, hasa ikiwa mbele ya ukuta unaopokea jua la mchana na kuutoa ule uvuguvugu usiku.

Duranta ndiyo mshindi wa nyanda za juu. Nairobi na Arusha inastawi bila kulalamika. Hata ikipigwa na baridi kali ya usiku mmoja na majani yakaungua, mmea mkubwa huchipua tena kutoka chini. Kwa anayeishi Njombe, Mufindi, Limuru au Kinangop, ambako kuna usiku wa jalidi, krotoni ya nje ni pesa ya kutupa.

Watoto, mbwa na utomvu

Muuzaji hatakuambia haya, kwa hiyo nayasema mimi.

Ukivunja jani la krotoni hutoka utomvu. Ukimwagika kwenye shati huacha doa la kahawia lisilotoka, na ukigusana na ngozi mara nyingi huweza kuleta muwasho na vipele kwa baadhi ya watu. Ukiingia machoni unauma sana. Mmea wenyewe una sumu ukiliwa, ingawa ladha yake ni kali kiasi kwamba si rahisi mtoto aendelee kutafuna. Vaa glovu unapoukata, nawa mikono kwa sabuni, basi.

Duranta inahitaji tahadhari kubwa zaidi kwa sababu ya matunda. Ikiachwa bila kukatwa hutoa maua madogo ya zambarau, kisha vishada vya matunda ya mviringo, njano ya dhahabu, yanayofanana na shanga. Ndege huyala bila madhara. Kwa mtoto, mbwa au paka yana sumu, na rangi yake ndiyo hasa inayomvuta mtoto wa miaka miwili. Fensi inayokatwa mara kwa mara haitoi maua, kwa hiyo haizai, lakini tumekwisha kuona ni watu wangapi wanaoikata mara kwa mara. Pia hao ndege wanaokula matunda huzisambaza mbegu. Australia na Afrika Kusini duranta imo kwenye hesabu ya mimea vamizi. Kama kiwanja chako kinapakana na msitu, bonde la mto au pori la akiba, naomba usiipande kabisa.

Akalifa ndiyo ninayoiona salama zaidi kwa nyumba yenye watoto wadogo. Haina matunda ya kuvutia, na utomvu wake hausumbui kama wa krotoni. Si chakula, lakini hata mtoto akichuma majani ya kupikia chakula cha kitoto, utakuwa na wasiwasi mdogo.

Kuzalisha mwenyewe

Fensi ya mita 20 inahitaji miche mingi, na gharama ndiyo inayowafanya wengi waishie kupanda nusu. Duranta ya fensi hupandwa kila sentimita 30, kwa hiyo ni miche karibu 70 kwa mstari mmoja. Akalifa kila sentimita 75 ni miche 27 tu, na itakutana. Krotoni nayo ukiweka sentimita 60 hadi 90 inatosha, ila utasubiri zaidi kuona ukuta umejaa.

Akalifa unaweza kuianza kwa kichaka kimoja cha jirani. Kata vijiti vya unene wa penseli na urefu wa kiganja, ondoa majani ya chini, chomeka kwenye kiriba chenye mchanga na mboji, weka kivulini, mwagia kila siku. Baada ya mwezi mmoja hivi vingi vimetoa mizizi. Duranta nayo hivyohivyo, na hakikisha unachukua vijiti na si mbegu, kwa sababu mbegu huleta duranta ya kijani ya kawaida.

Krotoni hukubali vijiti pia, lakini ni nzito kutoa mizizi na vingine huoza. Baada ya kukata, subiri utomvu ukome kuvuja, ufute, ndipo uchomeke. Njia ninayoipenda zaidi ni ya kuotesha mizizi tawi likiwa bado juu ya mama yake. Chagua tawi lenye unene wa kidole, limenyooka, lina kichwa kizuri cha majani. Kwa kisu safi zungusha mikato miwili, umbali wa sentimita mbili, ubandue gamba lote katikati hadi uone mti mweupe. Chukua nyuzi za makumbi ya nazi zilizolowekwa usiku kucha, zikamue, zifunge kama ngumi kuzunguka kidonda, kisha zungushia nailoni na ukaze juu na chini kwa kamba. Katika msimu wa mvua, baada ya wiki sita hadi nane utaona mizizi myeupe inagonga nailoni kwa ndani. Kata chini yake, panda. Umepata mche mkubwa wenye rangi kamili, kitu ambacho kwenye kitalu kingekugharimu mara kadhaa ya mche mdogo.

Wadudu

Kwa ufupi, maana hakuna kati ya hivi kinachougua sana. Krotoni na akalifa hupata utitiri kiangazi, hasa nyumba ikiwa kando ya barabara ya vumbi. Geuza jani, ukiona vidoa kama unga na nyuzi nyembamba, piga maji kwa nguvu upande wa chini wa majani kila baada ya siku tatu hadi waishe. Vidung'ata vyeupe kama pamba futa kwa kitambaa chenye sabuni ya maji. Duranta karibu haina mdudu wa kukunyima usingizi.

Basi uchague kipi?

Ukiniuliza mimi, kwa anayeishi pwani au kandokando ya ziwa, anayetaka rangi na hataki kazi, krotoni haina mpinzani. Inachukua muda kukua, hilo likubali mapema. Lakini mwaka wa tano utakuwa na kichaka kile kile, mahali pale pale, kizuri kuliko ulivyokipanda, na kwa mwaka mzima umekigusa mara moja. Changanya aina: yenye majani mapana na mishipa ya njano na nyekundu, yenye madoa ya njano kama vumbi la dhahabu, na ile ya majani membamba marefu ambayo duniani inauzwa kwa jina la Zanzibar. Mizizi yao haibomoi ukuta kama ile ya mifikasi.

Kama haraka ni muhimu kuliko yote, au nyumba ina watoto wanaoanza kutembea, chukua akalifa, mradi una maji ya kiangazi. Wengine hupanda zote mbili, akalifa nyuma na krotoni mbele, halafu krotoni zikikomaa wanang'oa akalifa. Naona ni akili nzuri.

Duranta ya njano ni ya nyanda za juu na ya mtu mwenye mkasi. Hata huko juu, kama kazi ndiyo unayoikimbia, fikiria masale. Wachagga wameyapanda mipakani mwa vihamba vyao, yaani mashamba ya nyumbani, vizazi na vizazi, na aina yake yenye mstari wa njano katikati ya jani inapatikana kwenye vitalu vingi. Hustawi hata kwenye kivuli ambacho krotoni, akalifa na duranta zote zinakikataa, na ni mmea wa kwetu Afrika, haukusafiri kuja.

Ukifika kitaluni, usichague mche mrefu. Bonyeza kiriba: kikiwa kigumu kama jiwe na mizizi imetoka chini kwa wingi, mche umekaa humo muda mrefu na mizizi imejizungusha. Chagua mfupi wenye matawi matatu manne kutoka chini. Krotoni ikiangusha majani wiki ya kwanza baada ya kupandwa, usiing'oe. Kwaruza gamba la shina kwa ukucha. Chini yake kukiwa kijani, iko hai na itachipua. Muulize pia muuzaji mche ulikuwa juani au chini ya neti ya kivuli, kwa sababu mche wa kivulini ukipelekwa juani siku hiyohiyo majani yanaungua mabaka meupe. Kama ni wa kivulini, uweke chini ya mti wiki mbili, kila baada ya siku chache uusogeze kidogo kuelekea juani, ndipo uchimbe shimo.